Nimfunge leso mtoto apate kulala? Jibu kwa mama aliye ndani ya arubaini

*"Assalam alaikum bi mkunga. Nimejifungua mtoto wa kiume, ana wiki tatu, ndiye mzaliwa wangu wa kwanza. Niko Lamu, Langoni, kwa mavyaa wangu, na bado nimo ndani ya arubaini. Mtoto halali usiku. Nikimlaza tu hurusha mikono yote miwili kama mtu anayeanguka, akaamka analia. Mavyaa humfunga leso kwa nguvu, mikono imenyooshwa ubavuni, miguu imebanwa pamoja na kufungwa utepe. Asema asipofungwa atakuwa na matege, na kule kushtuka ni mwanzo wa degedege. Akifungwa hivyo hulala kweli, mara nyingine saa nne bila kunyonya. Lakini wifi yangu aliyejifungulia Mombasa aliambiwa mtoto asifungwe kabisa, atakufa usingizini. Na sasa hivi ni kaskazi, joto kali, mtoto ametoka harara shingoni. Nalala naye kitanda kimoja, chandarua kimoja. Nimfuate nani? Sitaki kumvunjia heshima mavyaa, wala sitaki kumdhuru mwanangu."*

Waalaikum salaam, mwanangu, na hongera kwa uzazi. Mtoto ni wako, mavyaa ana uzoefu, wifi ana habari za hospitali, na wewe hujalala wiki tatu. Kila mmoja kati ya hao wawili amekwambia jambo lenye ukweli ndani yake, na kila mmoja amelipitisha mpaka. Leso unaweza kuitumia. Lakini isikaze kifua, isinyooshe miguu, na mtoto aliyefungwa asilale kitandani mwako. Tena alazwe chali kila anapolala, na siku atakapoanza kujaribu kujigeuza, leso iondoke.

Nianze na kile kinachokutia hofu zaidi. Kule kurusha mikono si degedege wala si mwanzo wa degedege, na hakuna kilichomtisha. Ni kishtuko ambacho kila mtoto mchanga mwenye afya huzaliwa nacho. Sisi wakunga hukitafuta kwa makusudi tunapomkagua mtoto, kwa sababu kinapokosekana, au mkono mmoja ukiruka na wa pili ukabaki umelala, hapo ndipo tunapoingiwa na wasiwasi. Kinaitwa kishtuko cha Moro, kwa jina la daktari wa watoto Ernst Moro aliyekieleza mwaka 1918. Kichwa kikishuka ghafla hata kidogo, au mlango ukabamizwa, ubongo wa mtoto hupokea habari kwamba anaanguka. Mikono hufunguka, vidole hutanuka, kisha mikono hurudi kifuani, ndipo kilio hufuata. Kishtuko hiki huanza kufifia baada ya miezi miwili au mitatu, na kufikia mwezi wa sita huwa kimekwisha chenyewe.

Sasa tazama unavyomlaza. Akina mama wengi humshusha mtoto kichwa kikitangulia, au wote kwa pamoja, kisha huchomoa mikono haraka ili asiamke. Huko ndiko kumwangusha kwenyewe, kwa hesabu za ubongo wake. Mshushe ukiwa umemkaribisha kifuani mwako, ukiinama naye. Matako yaguse godoro kwanza, halafu mgongo, kichwa mwisho kabisa. Kiganja kimoja kibaki juu ya kifua chake, bila kumkandamiza, mpaka uone pumzi imetulia. Kwa watoto wengi hili peke yake hupunguza nusu ya vita vya kulaza.

Degedege ina sura nyingine, nawe uijue. Mkono au mguu ukitikisika, ushike kwa upole. Kishtuko, au ule mtetemo mdogo wa usingizini, hutulia ukiushika. Degedege haitulii: kiungo huendelea kupiga kwa mpigo ule ule ndani ya mkono wako, macho yanaweza kukaza upande mmoja, mdomo ukatafunatafuna bila ziwa, rangi ya midomo ikabadilika. Ukiona hivyo usingoje kuche wala usitafute wa kumsomea kwanza. Ni hospitali saa hiyo hiyo, na dua zisomwe njiani.

Tuje kwenye usingizi wenyewe. Umeniandikia kwamba halali usiku, nami naamini unavyoona. Lakini mtoto wa umri wake hulala takriban saa 14 hadi 17 katika siku nzima, ila kwa vipande vipande vya saa moja, mbili, tatu, bila kujali jua limetua au limechomoza. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama huyeyuka upesi, hivyo anahitaji kunyonya mara 8 mpaka 12 kwa saa 24. Jioni, kuanzia magharibi hivi, watoto wengi hutaka ziwa mfululizo, na wazee husema maziwa ya mama hayatoshi. Yanatosha, madamu analowesha winda sita au zaidi kwa siku na uzito unapanda. Ndivyo wanavyonyonya.

Jambo lingine ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga ni usingizi mwepesi. Macho hucheza chini ya kope, hukunja uso, hunguruma, hujinyoosha, hupumua mbio kisha polepole, hata hutoa kilio kifupi, na yote hayo amelala. Sisi wakubwa huanza na usingizi mzito. Yeye huanza na huu mwepesi, ndiyo maana ukimweka chini dakika mbili tu baada ya kusinzia huamka. Ngoja kidogo mpaka mkono wake ulegee kabisa, ukiuinua unaanguka. Na usiku ukisikia ananguruma, usimrukie. Mtazame kwanza. Mara nyingi mama humwamsha mtoto aliyekuwa anapita tu kutoka usingizi mmoja kwenda mwingine.

Saa ya mwili wake bado haijawekwa. Melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa ni usiku, mtoto haanzi kuitoa kwa mpangilio mpaka afikie karibu miezi miwili au mitatu. Kwa sasa huipata kwako, kwa kuwa maziwa ya mama ya usiku huwa nayo. Unachoweza kufanya ni kumwonyesha tofauti ya mchana na usiku. Nazijua nyumba zenu za mawe: kuta nene, vyumba vya ndani vina giza hata saa sita mchana, na mzazi wa arubaini ndimo anamokaa. Asubuhi toka naye hadi kiwandani, yaani ule uwanja wa wazi wa ndani ya nyumba, mkae kwenye mwanga, pasipo jua la kuchoma. Sijui mila ya arubaini inayovunjika kwa mama kufika kiwandani mwa nyumba yake. Mchana sauti za nyumba ziendelee, asifichwe kelele. Usiku taa iwe hafifu, mnyonyeshe bila maongezi, na simu ikae mbali na uso wenu.

Nikwambie pia mapema, usije ukadhani umeharibu kitu: kilio cha watoto huongezeka kuanzia wiki ya pili, hufika kileleni karibu wiki ya sita, kisha hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Kwa hiyo huenda wiki tatu zijazo zikawa ngumu kuliko hizi. Ukifika mahali damu inakuchemka, mlaze chali mahali salama, toka chumbani, mpe mavyaa zamu. Asitikiswe kamwe, na mtu yeyote. Ubongo wake hauwezi kuhimili.

Sasa leso. Humtuliza kwa njia nyepesi kueleweka: mikono haipati nafasi ya kuruka, basi kishtuko kinapokuja hakimwamshi. Mtoto aliyefungwa hulala muda mrefu zaidi na huamka kwa shida zaidi, na hapo faida na hatari hukaa mahali pamoja. Kuamka kwa mtoto mchanga ni kinga yake. Hewa ikipungua puani, ni kuamka ndiko kunakomfanya ageuze kichwa na kulia. Njaa ikimjia, hupeleka mikono mdomoni kabla hajalia, nawe ukaona. Ukimfunga kiasi kwamba haamki wala mikono haionekani, umemnyang'anya vyote viwili.

Wifi yako ameusikia upande huu, na hofu yake ina msingi. Wapo watoto wanaokufa ghafla usingizini bila ugonjwa uliojulikana. Kampeni za kuwalaza watoto chali zilipoanza, Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, vifo hivyo vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Mtoto aliyefungwa nguo aliye kifudifudi ndiye mwenye hatari kubwa, na wa ubavu anamfuatia kwa sababu akisogea kidogo tu anakuwa kifudifudi, na mikono ya kujinasua hana. Ila kusema kila mtoto aliyefungwa leso atakufa ni kuzidisha. Nadhani muuguzi wake alichagua kumpa neno moja fupi la kukumbuka, maana maelezo yote haya hayamaliziki katika foleni ya kliniki.

Kuhusu zile saa nne bila kunyonya: kama amepimwa na amerudia uzito wa kuzaliwa, jambo ambalo watoto wengi hulifikia kwenye siku ya 10 hadi 14, na anaongeza kama gramu 20 au 30 kwa siku, kulala saa nne mara moja usiku hakuna ubaya. Kama hajapimwa tangu kuzaliwa, apimwe wiki hii. Mpaka ujue uzito wake, usimwache apite saa tatu bila ziwa.

Kwenye miguu ndiko ninakotaka mnisikilize zaidi, wewe na mavyaa. Watoto wote huzaliwa na miguu iliyopinda, kwa kuwa walikaa wamejikunja tumboni. Hunyooka yenyewe mtoto anapotembea na kukua, na kuonekana na matege kidogo mpaka miaka miwili ni kawaida. Matege ya ugonjwa hutokana hasa na upungufu wa vitamini D na madini ya mifupa, na hakuna utepe unaoyazuia. Kinachoharibiwa na utepe ni nyonga. Kifuko cha nyonga ya mtoto mchanga bado ni gegedu laini na hakina kina. Kichwa cha mfupa wa paja hukaa vizuri ndani yake magoti yakiwa yamekunjwa na mapaja yamefunguka, kama miguu ya chura. Ukiinyoosha na kuibana pamoja siku baada ya siku, kile kichwa husukumwa kuelekea nje, na kifuko hakijengeki sawasawa. Japani walikuwa na desturi ya kuwafunga watoto miguu ikiwa imenyooka. Mwaka 1975 walianza kampeni ya kitaifa ya kuiacha, na watoto wenye nyonga zilizotoka wakapungua sana. Kwa hiyo mavyaa, kwa kutaka mjukuu wake atembee vizuri, anafanya jambo linaloweza kumletea kuchechemea. Utepe uondoke leo.

Namna ya kumfunga ni hii. Leso nzima ni kubwa mno kwa mtoto wa wiki tatu, hubaki kitambaa kingi kinachomtia joto au kufumuka kikamfunika uso. Chukua leso kuukuu iliyolainika, ikate nusu. Mpya ina dawa za kiwandani, ifue kwanza mara mbili tatu. Itandaze kitandani pembe moja ikiwa juu, ikunje pembe hiyo chini kama shibiri moja, umlaze mtoto chali mabega yakilingana na mkunjo. Mikono ikunje viwiko, viganja vije kifuani karibu na kidevu, si ubavuni. Pitisha upande mmoja wa leso juu ya mkono na kifua, uupenyeze chini ya mgongo, kisha upande wa pili vivyo hivyo. Pembe ya chini iinue kwa ulegevu mkubwa, miguu ibaki na uwanja wa kukunja magoti, kupiga mateke na kufungua mapaja. Halafu jaribu: vidole vyako viwili au vitatu viingie kati ya leso na kifua bila kulazimisha, na pumzi yake uione ikiinua kitambaa. Leso ikipanda juu ya mabega, fungua uanze upya. Usitumie pini. Na mtoto akikataa mikono kufungwa, basi mfunge kuanzia makwapani, mikono nje. Wapo wasiopenda leso kabisa, na si lazima.

Harara iliyo shingoni inakwambia ameshapata joto zaidi ya analolihitaji. Joto la kupita kiasi nalo ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya vifo vya usingizini, na huku kwetu pwani ndilo tunalolipuuza zaidi. Kliniki, mwezi wa pili, hufunuliwa mtoto blanketi, chini yake leso, chini yake sweta, kofia, soksi na glovu, na chini ya vyote hivyo mtoto mwekundu anayehema. Mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake na mwenye uzito mzuri, wakati wa kaskazi, ndani ya leso avae winda na fulana nyepesi, au winda tu. Kofia asivae akilala ndani ya nyumba, maana kichwa ndiko anakopozea joto. Usimpime kwa mikono na miguu, hiyo huwa ya baridi siku zote. Gusa nyuma ya shingo na kifua. Pakiwa na jasho au pamoto, punguza nguo. Mchana wa jua kali mwache bila leso kabisa. Feni si adui, isimpige usoni tu. Harara ioshe kwa maji, ikaushe kwenye mikunjo, na poda usimpake, vumbi lake huingia mapafuni. Watoto waliozaliwa wadogo sana au kabla ya wakati wao wana hesabu tofauti: hao hupoteza joto upesi, na dawa yao si kufungwa nguo nyingi bali kukaa kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi.

Kitanda. Najua nyumba nyingi mama na mtoto hulala pamoja, na sitakuhukumu kwa hilo, usiku mmoja wa kunyonyesha unatosha kueleza sababu. Lakini chagua moja. Mtoto aliyefungwa leso asilale nawe, kwa sababu mwili wako unampa joto juu ya joto na mikono yake haiwezi kukusukuma. Kilicho salama zaidi ni godoro lake dogo, gumu, juu ya mkeka au kitanda chake mwenyewe, ubavuni pako, mkono wako ukimfikia. Kama chandarua ni kikubwa kiwafunike wote wawili, kingo zimechomekwa chini. Akipitiwa kulala kitandani kwako baada ya kunyonya, awe hana leso, chali, mbali na mito na mashuka mazito, na asiwekwe katikati yako na baba. Kitanda cha kamba kilicholegea hakifai, humviringisha mtoto mpaka ubavuni mwako. Kochi ni baya zaidi ya vyote. Na ikiwa kuna anayevuta sigara chumbani humo, au aliyekunywa dawa ya usingizi, mtoto asilale naye kabisa.

Uzi wa hirizi shingoni utolewe anapolala, unaweza kumkaba. Udi na uvumba vifukizwe chumba kingine, moshi utoke kwanza ndipo mtoto aingie. Mtu akikuletea dawa ya maji ya mafua eti imlaze, au uji mwepesi ashibe, vikatae vyote viwili. Dawa za namna hiyo huweza kupunguza pumzi ya mtoto mchanga, na tumbo lake kwa miezi sita ni la maziwa ya mama tu.

Leso ina mwisho wake. Watoto wengine huanza kujaribu kujigeuza mapema, wakiwa na miezi miwili tu, na aliyefungwa akijigeuza kifudifudi hawezi kurudi. Mimi huwaambia mama zangu waanze kuiacha akitimiza miezi miwili, na mapema zaidi akionyesha dalili: anajipinda kiuno, anatupa miguu upande mmoja. Siku chache acha mkono mmoja nje, kisha yote miwili.

Yapo mambo ambayo hayangoji kesho wala jibu la mtu wa mbali kama mimi. Mtoto mwenye usingizi mzito asiyeamka kunyonya, au anayenyonya kwa ulegevu kuliko jana. Kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kubonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi. Joto la mwili la nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili kuwa baridi na asipate joto hata ukimkumbatia. Manjano yaliyofika viganjani na nyayoni. Degedege. Kitovu chenye usaha na wekundu unaosambaa. Kwako Langoni, hospitali ya King Fahd haiko mbali, nenda hata kama ni usiku wa manane. Msomaji aliye Pate, Kiwayu au Ndau ahesabu safari ya boti na aondoke mapema zaidi, akimnyonyesha njiani ikiwa anaweza, ngozi kwa ngozi. Na jambo moja kwa mavyaa: mtoto aliyetulia ghafla, ambaye jana alikuwa analia, si lazima amepata nafuu.

Kuhusu yeye, sioni haja ya kumwambia amekosea. Kutuliza mtoto kwa leso anakujua kuliko sisi, na mkono wake kwa hakika ni mwepesi kuliko wako. Mwombe akufunge mtoto wewe ukitazama, umwonyeshe mahali pawili tu pa kubadilisha: mikono ikunjwe, miguu iachwe. Mwambie habari za nyonga, kwa kuwa linalomsumbua ni miguu ya mjukuu. Akitaka kusikia kwa mwingine, nendeni naye kliniki ya wiki ya sita, ambayo ni ya chanjo kwa vyovyote. Mwambieni mhudumu kwamba mtoto amekuwa akifungwa miguu tangu kuzaliwa, na mwombe amkague nyonga mbele ya bibi yake: mapaja yafunguliwe pande zote mbili, urefu wa magoti ulinganishwe, mikunjo ya mapaja itazamwe. Kama alizaliwa akitanguliza matako, au kuna mtu katika ukoo aliyezaliwa na nyonga iliyotoka, usingoje wiki ya sita. Mpeleke wiki hii, siku hiyo hiyo unayompima uzito.